Jani la Jirani wa Wodini: kisa cha nyonga mpya na bustani ya dirishani

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 63, mshonaji, anaishi na binti yake mtu mzima. Nyonga yake ya kulia ililika kwa miaka mingi mpaka mfupa ukawa unasagana na mfupa, ndipo akabadilishiwa kwa upasuaji wa kuingilia upande wa nyuma. Mambo yalikwenda sawa. Hakupata homa, mshono ulifunga, na eksirei ilionyesha nyonga bandia imekaa mahali pake. Ukisoma faili lake utasema huyu hana la kusimuliwa, na hiyo ndiyo sababu ya kumchagua: lililokuwa linamwendea vibaya halikuwa na kisanduku cha kujazwa katika fomu zetu.

Mimi ni wa upande wa utengamao. Kazi yangu si kupasua wala kuandika dawa, ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Mambo yanayoweza kumtambulisha mama huyu nimeyaondoa.

Aliruhusiwa kwenda nyumbani na masharti matatu ambayo kila aliyepasuliwa nyonga kwa njia ya nyuma anayajua: nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90, miguu isipishane wala asikunje nne, na vidole vya mguu ule visielekee ndani. Kwa kawaida masharti haya hushikwa kwa wiki 6 hadi 12, kwa kuwa nyama zilizofunguliwa nyuma ya kiungo bado hazijashikana, na mkunjo mbaya unaweza kukichomoa kichwa cha bandia kwenye kikombe chake. Hakubishana nayo. Lakini masharti yakielezwa hospitalini husikika kama mambo ya mguu tu. Nyumbani ndiko yanakogeuka kuwa mambo ya siku nzima. Kilichoanguka chini kinabaki chini. Kiti cha kushonea ni kifupi, kwa hiyo cherehani imefunikwa kitambaa. Na fremu ya kutembelea inadai mikono yote miwili: jikoni utafika, ila kurudi na glasi ya maji huwezi.

Hilo la mikono nalikazia makusudi. Tunamwita mgonjwa wa nyonga, tunampima mguu, tunahesabu hatua zake, na kumbe alichonyang'anywa kwanza ni mikono. Kwa mtu aliyeishi kwa mikono yake, huo ni msiba ambao hakuna anayempa pole.

Wiki mbili za mwanzo nyumba ilijaa watu. Ya tatu wakapungua, maana mgonjwa anayepona hana habari mpya. Wachache waliofika waliuliza "unaendeleaje?", naye akajibu "naendelea vizuri", kikafuata kimya. Usiku usingizi ulikuwa wa shida kwa sababu alitakiwa alale chali na mto katikati ya miguu. Mchana akawa anasinzia kitini. Dawa za maumivu za jamii ya afyuni zilimsaidia, zikamfungia choo, na alipozipunguza kimyakimya bila kumwambia mtu, maumivu ya usiku yakarudi. Binti ndiye aliyenipigia. Maneno yake niliyaandika pembeni ya karatasi: "Mama haulizi tena kitu. Zamani alikuwa anatuuliza mpaka tunachoka."

Chungu cha sakafuni

Mmea wa kwanza kuingia chumbani ulikuja kwa nia njema kabisa. Mwanawe wa kiume alileta mti wa majani mapana ndani ya chungu kizito cha udongo, akauweka sakafuni, kwenye kona ambayo mama angeiona akiwa kitandani. Ulipendeza. Tatizo ni kwamba kuunywesha kulihitaji kuinama, tena na ndoo au kopo la maji mkononi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kopo la lita tano ni kilo tano za kubebwa na mtu ambaye mikono yake imeshika fremu. Basi binti akawa anaunywesha asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mgeni akifika naye anaunywesha, kwa kuwa ni jambo jepesi la kufanya pindi maneno yanapoisha. Haukupita muda udongo ukaanza kunuka, vijinzi vidogo vyeusi vikawa vinaruka chumbani, na majani ya chini yakageuka manjano.

Mimea mingi ya ndani hufa kwa kuzidishiwa maji kuliko kwa kiu. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukikaa umejaa maji, hewa hiyo haipo, mizizi inaoza, halafu majani yananyauka kana kwamba yana kiu na mtu anaongeza maji tena. Huo ulikuwa upande wa mmea. Upande wa mama ulikuwa mbaya zaidi. Aliniambia, akiutazama: "Hata ua langu linatunzwa na watu wengine."

Wanaotetea mimea katika vyumba vya wagonjwa hupenda kuutaja utafiti wa Roger Ulrich, uliotoka katika jarida la Science mwaka 1984. Alipitia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981, akawapanga jozi 23: mmoja dirisha lake linatazama miti, mwenzake linatazama ukuta wa matofali. Wa miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukuta siku 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni utafiti ninaouheshimu. Ila wagonjwa wale hawakutunza chochote, walitazama tu. Hakukuwa na chungu chumbani. Na idadi yao ilikuwa ndogo. Kuuchukua kama ushahidi kwamba ua kwenye kona linaponya ni kuusemea yasiyomo. Mama huyu alikuwa na kijani cha kutosha mbele ya macho yake, na kila alipokitazama alikumbushwa asichoweza.

Mwanawe alikuwa na hoja nyingine, kwamba mti ule utasafisha hewa ya chumba. Dhana hii ilipata nguvu kutokana na majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, yaliyotolewa mwaka 1989, ambayo yalifanyika ndani ya visanduku vilivyozibwa. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring walipiga hesabu upya wakitumia tafiti zilizokuwapo, wakaona kwamba ili mimea ishindane na mzunguko wa kawaida wa hewa ndani ya jengo ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Kitanda kingewekwa wapi? Tulifungua dirisha, na chungu kikahamishiwa nje.

Simu kutoka kitanda cha pili

Wodini alilala jirani na mwanamke aliyebadilishiwa goti. Kwa siku chache walizokaa pamoja waligawana malalamiko yote yanayogawanika kati ya vitanda viwili, kisha kila mmoja akaenda kwake. Huyu wa goti ni mfugaji wa seintpolia, ua dogo la chunguni; nasema mfugaji kwa kuwa anazihesabu na kuzizungumzia kama wengine wanavyozungumzia kuku. Siku moja alimtuma mjukuu wake na kikopo. Ndani mlikuwa na jani moja lenye manyoya laini, limefungwa karatasi yenye unyevu. Jioni akapiga simu: "Dada, hilo ni lako. Na mimi nimechomeka langu leo leo. Tuone la nani litatangulia."

Sijui kama aliyapima maneno yake, lakini nikiulizwa tiba ilikuwa ipi katika kisa hiki chote, nitataja sentensi hiyo ya mwisho.

Seintpolia ni mmea wa kwetu kwa asili. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani, ndiye aliyeipeleka Ulaya kutoka Tanga mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina kutokana na ukoo wa ofisa huyo. Huko milimani Usambara inaota kwenye miamba yenye kivuli chini ya miti mikubwa, na ndiyo maana inastahimili mwanga hafifu wa ndani, lakini huungua ikipigwa na jua kali la mchana. Kwa mgonjwa ina sifa moja inayozidi maua yake: inazaliana kwa jani. Unakata kikonyo kwa mshazari ukibakiza sentimita tatu hivi, unakichomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo, unakifunika na kitu kinachopitisha mwanga ili unyevu usipotee, basi. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu, nne. Miche midogo chini ya jani hungojewa miezi miwili au mitatu.

Kazi yote ilifanyika akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, mezani, viwiko vikiwa vimeegemea. Hakukuwa na cha kubeba. Vidole vilivyozoea sindano vilipata kitu cha ukubwa wao.

Kisha zikaanza simu. Mwanzoni zilikuwa za jani: limesimama, limelala, mbona ukingo wake umekuwa kahawia. Baadaye zikawa za usiku usiolalika, za mto unaoteleza, za woga wa kuingia bafuni peke yako. Lile la choo, ambalo binti hakuwahi kuambiwa na mimi nililipata kwa kuulizia mara mbili, lilijadiliwa na wanawake wawili wazima kwa marefu na mapana, na wa goti ndiye aliyemsukuma: mwambie daktari, hiyo ni dawa inayokufanyia hivyo, mimi nilipewa ya kulainisha. Kesho yake mama alitupigia. Dawa ya maumivu ilipangwa upya, ya kulainisha choo ikaongezwa, na lile la kupunguza dozi kwa siri likaisha.

Ndiyo maana nasema jani lilikuwa kisingizio, na kisingizio kizuri ni kitu cha thamani. Hakuna mtu mzima anayepiga simu na kusema "nimepiga kwa sababu niko mpweke". Anapiga kuulizia jani. Tena "unaendeleaje?" ni swali la mzima kwa mgonjwa, anayeuliza amesimama juu, anayejibu yuko chini. "Jani lako limefikia wapi?" linaulizwa na watu walio sawa, na kila mmoja ana zamu ya kuuliza.

Kwenye mazoezi ya viungo aliongezeka wa tatu, kijana aliyewekewa fimbo ya chuma ndani ya mfupa wa muundi baada ya kuvunjika. Huyu hakuwa na subira ya seintpolia. Alipewa kipande cha pothosi, mmea wa ndani unaotambaa, akakitia kwenye glasi ya maji dirishani kwake, na kwa kuwa mizizi yake huonekana ndani ya glasi, alikuwa na la kupiga picha na kuwatumia kila mara. Aliwaita wote wawili mama, nao wakamwamrisha kama mtoto: badilisha maji, toa majani yaliyozama, na je, mazoezi ya kifundo umefanya? Niliwahi kumkuta mgonjwa wangu akimkaripia kwa simu kuhusu mazoezi ambayo yeye mwenyewe siku ile alikuwa hajayafanya. Aliyafanya mara tu alipokata simu, nami nikajifanya sikusikia.

Upande wa usalama

Hapa lazima niwe mkali kidogo, maana watu husikia "maua" wakadhani hakuna la kudhuru. Udongo wa mfuko unaweza kuwa na bakteria aitwaye Legionella longbeachae, anayeleta nimonia akivutwa na vumbi. Mfuko hufunguliwa mbali na uso, penye hewa, na udongo hunyunyizwa maji kwanza ili usitimke. Barakoa na glavu zivaliwe, mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Kwa mama huyu udongo ulifunguliwa na kuchanganywa na binti, nje, na hakugusa chochote mpaka mshono ulipokuwa umefunga na kukauka kabisa. Mtu mwenye nyonga bandia hachezei maambukizi, kwa sababu vijidudu vikifika kwenye chuma huwa vigumu mno kuviondoa, na wakati mwingine hulazimu upasuaji mwingine.

Mgonjwa aliyepandikizwa kiungo, au anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili, yuko kwenye kundi jingine. Kwake udongo na majani yanayooza vina ukungu kama Aspergillus unaoweza kuingia mapafuni, na wengi wao hukatazwa kabisa kushika udongo katika miezi ya mwanzo. Maji yaliyotuama kwenye glasi nayo si salama kwake. Huyo aulize daktari wake kwanza, na jibu likiwa hapana, ni hapana. Mimea yenye miiba tuliikataa kwa wote watatu. Pothosi ya yule kijana iliwekwa juu kwa sababu nyumbani kwake kuna mtoto, na utomvu wake una fuwele za kalisi oksaleti zinazochoma mdomo na koo ukitafunwa.

Mpangilio wa nyumba ulichukua muda mwingi kuliko nilivyotarajia, na ndiyo sehemu ya kazi niliyoifurahia zaidi. Hakuna kilichowekwa chini ya kimo cha kiuno wala juu ya bega. Alishonewa aproni yenye mfuko mpana mbele (alisimamia ushonaji wake kwa kumwelekeza binti, ambaye si mshonaji, na kelele zilikuwapo), na humo akawa anabeba chupa ndogo ya maji yenye kifuniko, mikono ikibaki kwenye fremu. Seintpolia hunyweshwa kwa chini: unatia maji ya vuguvugu kwenye kisahani, chungu kinanyonya, na yanayobaki baada ya nusu saa yanamwagwa. Maji ya baridi yakidondokea majani huacha madoa.

Vyungu havikukaa pamoja. Kimoja chumbani kwake, vingine kwenye dirisha la jikoni, kingine sebuleni. Aliyebadilishiwa nyonga anatakiwa ainuke na kutembea mara kwa mara kutwa nzima, kwa sababu kukaa tu kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, na kumwambia mtu "tembea" bila pa kwenda ni kumwagiza adhabu. Kwenye dirisha la jikoni alisimama ameshika ukingo wa meza, akahamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, akapiga hatua za pembeni kutoka chungu hadi chungu. Hayo ni mazoezi yaliyomo kwenye karatasi yake. Alikuwa hajayafanya kutoka kwenye karatasi.

Jani lilipooza

Karibu na wiki ya tano jani la kwanza lilioza. Kikonyo kikawa laini na cheusi, na lilipoguswa likaanguka. La mwenzake lilikuwa limesimama imara.

Wanaopendekeza bustani kwa wagonjwa hawalisemi hili vya kutosha: mimea hufa, na mtu aliyetoka kupasuliwa hana ngozi nene. Mama huyu aliliona kama ishara. Hakusema hivyo kwangu, alisema "hili la kwangu limekataa", na siku hiyo hakutaka kusimama. Kitu kilichokuwa kinamwinua kikawa kimemkalisha. Ningeweza kumpa mhadhara juu ya unyevu na kuvu, sikuhitaji. Jioni wa goti alipopiga na kusikia sauti yake, alimwuliza alikuwa anatia maji mara ngapi. Kila siku, akajibu, wakati mwingine mara mbili. "Dada, jani limeoza kwa kuloweshwa. Wewe nani kakulowesha?" Walicheka mpaka binti akaingia chumbani kuangalia kuna nini.

Safari hii yalitumwa majani matatu. Tangu hapo sikubali mgonjwa aanze na mmea mmoja. Akiwa na mmoja anautunza mpaka anauua, kwa sababu ana muda mwingi na huruma nyingi na vyote anavimwaga mahali pamoja. Akiwa na mitatu au minne yenye mahitaji tofauti, mmoja ukifa bado kuna wa kunyweshwa kesho, na huruma inagawanyika kwa kiasi ambacho mimea inaweza kuistahimili.

Kungoja majani yale kulimsaidia kwa namna nyingine ambayo sikuipanga. Alikuwa ananiuliza mara kwa mara kwa nini tunasema miezi mitatu ilhali mshono umeshafunga. Kovu la ngozi katika wiki ya tatu lina takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na hata baada ya miezi mitatu halivuki karibu asilimia 80. Nyama za ndani nazo zina mwendo wao. Nilimpa tarakimu hizo akatikisa kichwa kwa adabu. Baadaye nikamsikia akimweleza yule kijana, aliyetaka kuacha magongo mapema, kwamba kufunga kwa juu si kupona kwa ndani, aangalie jani limesimama vizuri na halina mzizi hata mmoja. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Ninachodai na nisichodai

Katika wiki ya 12 alitembea na fimbo moja, alilala usiku mwingi bila kuamka, na alikuwa ameacha dawa kali. Hayo yote yangeweza kutokea bila jani lolote. Wengi waliobadilishiwa nyonga hufika hapo kwa wakati huohuo. Kisa kimoja hakina wa kulinganishwa naye, na atakayesema seintpolia iliharakisha kupona kwa nyonga anatunga. Ninachoweza kusimamia ni vitu viwili vilivyoandikwa wakati vikitokea. Tatizo la dawa lilijulikana kupitia simu za jani, si kupitia ziara zetu. Na binti, nilipomwuliza habari za mama yake katika mwezi wa tatu, alijibu kwa kulalamika: anauliza kila kitu, nani kahamisha chungu, nani kafungua pazia, kwa nini umechelewa.

Urafiki wenyewe haukubaki ulivyokuwa. Kijana alirudi kazini na picha zake zikakoma. Wale wawili walinung'unika wiki moja, halafu wakazoea. Udugu wa wagonjwa mara nyingi hudumu kadiri ya ugonjwa, na sioni kama ni kasoro. Wa goti na wa nyonga bado wanapigiana.

Kwa upande wetu, kilichobadilika hakihusu mimea. Kabla ya kuruhusu wagonjwa wa upasuaji wa mifupa waliolala jirani, sasa tunawauliza, kila mmoja faraghani, kama wangependa kuachiana namba za simu, na tunajitahidi kuwaunganisha walio kwenye wiki zinazokaribiana ili mmoja asiwe mwalimu na mwingine mwanafunzi daima. Baadhi hukataa. Mmoja aliniambia amechoka kumsikia jirani yake akikoroma na hataki kumsikia tena hata kwa simu, nami nikaweka alama ya "hapana" kwenye karatasi tukaendelea na mazoezi ya ngazi.